Mama Yao Yuko Wapi?

Mtu akiamua kuwaalika wenzake nyumbani kutazama filamu ya vita vya angani, kitu cha kwanza kumjia kichwani ni mapambo. Maputo meusi, vikombe vyenye sura ya Darth Vader, keki iliyokatwa umbo la chombo cha angani, panga za plastiki zinazowaka kama tochi. Kariakoo utapata nusu ya hayo kwa bei ya kupatana, na nusu iliyobaki kijana yeyote wa mtaani mwenye mkasi, kadibodi na gundi atakutengenezea. Mapambo hayana taabu. Taabu inaanza taa zikizimwa: nani aruhusiwe kusema, na nani anyamazishwe?

Mashabiki wa filamu hizi wana tabia moja ya ajabu. Kabla ya filamu kuanza hawashikiki. Watabishana mpaka bisi ziishe kuhusu chombo kipi kina kasi zaidi. Filamu ikianza, atakayekohoa ana kesi. Na si kwamba wanasubiri kujua nini kitatokea. Wameshaitazama mara nyingi mno, wanajua kila mlango utafunguka lini na nani atatokeza. Kimya chao si cha mtu anayesikiliza habari mpya. Ni kimya cha heshima, na heshima hiyo haikuja bure.

Chukua Star Trek. Kipindi hicho kilianza kuonyeshwa na NBC, Marekani, tarehe 8 Septemba 1966, na hakikupata watazamaji wa kutosha kuwaridhisha wenye televisheni. Fununu za kukifuta ziliposambaa, mashabiki wakiongozwa na Bjo Trimble na mumewe John walianza kuandika barua, na barua zikamiminika mpaka kipindi kikapewa msimu wa tatu. Mwaka 1969 kilisimamishwa kweli, kikiwa na sehemu 79. Kingefia hapo. Lakini vituo vya televisheni vya mijini vikazinunua sehemu hizo na kuzirudia jioni baada ya jioni, watoto wakitoka shule wanazikuta, na Januari 1972 mashabiki wa New York walipoitisha mkutano wao wakitarajia mamia ya watu, walikuja maelfu. Mtu aliyekipigania kitu kwa kalamu na stempu, au aliyerithi mapenzi hayo kwa aliyepigania, hawezi kufurahi jirani yake akimgonga kiwiko katikati ya kipindi kumuuliza yule mwenye masikio marefu ni nani.

Lakini hukohuko New York, katika ukumbi wa Waverly, mwaka 1976, watu walianza kuonyeshwa usiku wa manane The Rocky Horror Picture Show, filamu iliyotoka mwaka uliotangulia na ambayo inachanganya viumbe wa sayari nyingine, vitisho na muziki. Watazamaji wakaanza kuijibu filamu. Mhusika akisema neno, ukumbi unamrudishia la kwake. Miaka imepita, bado wanaijibu. Kwa hiyo hata kule hawajawahi kukubaliana kama gizani mtu aseme au anyamaze.

Kwetu mjadala huo ulishakwisha, na uliisha kwa ushindi wa wanaosema. Uliishia kwenye kibanda umiza.

Aliyekulia Dar es Salaam, Mwanza au Morogoro katika miaka ya mikanda ya video haelezwi. Banda la mabati, mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni kuzuia mwanga, deki na televisheni juu ya meza iliyoinuliwa. Picha ilikuwa ya Kichina, ya Kihindi au ya Kimarekani, na waliokaa hawakuwa na Kichina, hawakuwa na Kihindi, na Kiingereza chao kilikuwa cha kuazima. Ndipo akaingia mtu mwenye kipaza sauti. Lufufu alijipatia jina kwa kazi hiyo, na baada yake DJ Mack. Kenya wakampata DJ Afro, Uganda wakampata VJ Jingo. Kusema kwamba watu hawa walitafsiri ni kuwapunja. Waliwabatiza wahusika majina ya mtaani, walimwonya steringi kwamba nyuma yake kuna mtu, walimtukana adui kabla hajafanya kosa, na mahali ambapo picha ilikuwa imepoa waliipasha moto wenyewe. Waliokaa nao hawakunyamaza. Walibisha, walishauri, waliapa kwamba steringi hafi. Wataalamu wa filamu wanaweza kusema kazi ya mwongozaji iliharibiwa, na sina ugomvi nao, ila hawakuwahi kuona watu mia moja wakihema kwa pamoja ndani ya bati lililochemka kwa jua la mchana.

Kwa hiyo nilipoamua kuwaita ndugu na marafiki sebuleni, mashabiki wa Star Wars pamoja na watu ambao hawajawahi kuona hata dakika moja ya filamu hizo, nilianza na swali la sauti, si la maputo. Nikampa mpwa wangu kazi ya kuwa DJ. Sheria ikawa moja: swali lolote linaruhusiwa, ila linaelekezwa kwake, naye anajibu kwa sentensi moja, isiyozidi. Mashabiki walinuna. Niliwaacha wanune.

Filamu niliyoichagua ni Return of the Jedi ya mwaka 1983. Shabiki wa kweli atakwambia The Empire Strikes Back ya 1980 ni bora kuliko hiyo, na shabiki huyo hakosei. Lakini sherehe haichaguliwi filamu bora. Inachaguliwa filamu yenye milango mingi, ambayo mgeni anaweza kuiingilia popote: kuna jitu nene linalokaa juu ya jukwaa kama sultani aliyeshiba, kuna msitu wa vijitu vyenye manyoya, kuna baba na mwana, kuna mbio, kuna ngoma mwishoni. Na kuna Nien Nunb.

Nien Nunb ni yule rubani msaidizi mwenye mashavu yaliyoning'inia na macho meusi makubwa, anayeketi kando ya Lando Calrissian ndani ya chombo chao katika shambulio la mwisho. Mtengeneza sauti wa filamu hizo, Ben Burtt, alikuwa na desturi ya kutafuta lugha za kweli za duniani azitumie kwa viumbe wa angani, na kwa kiumbe huyu sauti ilitolewa na Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani. Rotich akasema Kikuyu. Si mlio unaofanana na Kikuyu. Kikuyu chenyewe, chenye maana, kikieleweka na yeyote aliyezaliwa nacho. Vyombo vinalipuka kushoto na kulia, hatima ya ulimwengu imeshikwa na uzi, na yeye anawaita watu walio kule waje hapa, kama mtu anayewaita wenzake uani chakula kimeiva.

Tulikuwa na mgeni kutoka Murang'a ambaye hakuambiwa lolote. Nilimkalisha mbele. Rubani alipofungua mdomo, mgeni wetu alikuwa anatafuna, akaacha kutafuna. Akageuka kututazama mmoja mmoja, akihakikisha kwamba hatumfanyii mzaha. Kisha akacheka mpaka akalazimika kusimama, na akadai turudishe nyuma. Tulirudisha. Akadai tena. Shabiki mmoja aliyekuwa amenuna tangu mwanzo, na ambaye anaweza kukutajia majina ya marubani wote wa kikosi cha uasi, alikuwa hajui kabisa kwamba maneno yale yana maana. Kwake, kwa miaka yote, ile ilikuwa sauti ya sayari ya mbali. Akamwomba mgeni amfundishe, na walikaa pembeni wakirudiarudia huku Nyota ya Mauti, ngome ya adui, ikilipuliwa bila wao.

Rotich aliitwa tena miaka zaidi ya thelathini baadaye kumpa Nien Nunb sauti katika The Force Awakens ya 2015. Katika filamu hiyohiyo Lupita Nyong'o ndiye Maz Kanata, bibi mdogo wa zaidi ya miaka elfu mwenye miwani mikubwa. Wakenya wawili ndani ya filamu moja, na wote wawili hawaonekani sura zao. Sijui niseme ni fahari au nicheke.

Kuhusu mavazi sikutoa agizo lolote, na hilo ndilo lililotupa vazi bora la siku. Kijana mmoja alikuja na kanzu nyeupe ya kila Ijumaa, na juu yake joho jeusi alilovaa siku ya harusi ya kaka yake. Hakuongeza kitu. Wote tuliokuwa mlangoni tulimtambua papo hapo kuwa ni Jedi, mpiganaji wa filamu hizo, na alipopandisha kichwani shali ya mama yake hakuna aliyebisha tena. Ukifikiri vizuri hapa hakuna miujiza. Mandhari ya jangwa katika filamu ya kwanza, ya mwaka 1977, ilipigwa Tunisia; nyumba anamokulia Luke, shujaa wa filamu hizo, ni nyumba halisi za kuchimbwa ardhini huko Matmata, na sayari yenyewe, Tatooine, inafanana jina na mji wa Tunisia uitwao Tataouine. Majoho ya Jedi yenye kofia yana undugu na mavazi ya watu wa Maghreb. Kijana wetu hakuigiza Marekani. Alipita njia ya mkato.

Chakula hakina mengi. Bisi, mishkaki, juisi ya ukwaju, na jagi moja la maziwa niliyoyatia rangi ya buluu, kwa kuwa Luke anaonekana mezani kwa shangazi yake akinywa maziwa ya rangi hiyo. Watoto waliyamaliza kabla ya watu wazima kuamua kama ni salama.

Filamu hizi, kama unavyojua, hazianzi na wakati ujao. Zinaanza kwa kutangaza kwamba haya yalitokea zamani sana, mbali sana, na baada ya hapo maandishi yanapanda juu yakielekea kwenye nyota, yakieleza yaliyopita. Maandishi hayo ni ya Kiingereza, yanakwenda kwa mwendo wake, na nusu ya sebule isingeyafuata. Mpwa wangu hakuyatafsiri. Alisimamisha picha pale mwanzoni, akasema kwenye kipaza sauti, "Paukwa!" Sebule nzima, pamoja na walionuna, ikajibu, "Pakawa!" Kisha kwa dakika tano akawapa habari ya filamu mbili zilizotangulia kana kwamba ilitokea Temeke. Darth Vader, kwa sababu ya ile pumzi nzito ambayo Burtt aliirekodi kwenye kifaa cha wapiga mbizi, akawa Mzee Pumu. Mfalme wa uovu anayerusha umeme kwa vidole akawa Babu Radi. Majina hayo yalishika kuliko yale ya kwao, na mpaka leo katika familia yetu hakuna anayesema Vader.

Shangazi yangu alikuwa amekaa kwenye kochi la pembeni, miguu juu ya stuli, akishona vifungo vya sare za wajukuu. Alikuja kwa ajili ya watu, si kwa ajili ya filamu, na aliinua macho pale tu kelele zilipozidi. Tulipofika kule msituni, Luke anamwambia mwenzake Leia kwamba wao ni ndugu na Mzee Pumu ni baba yao. Mashabiki walikuwa wametulia tuli, maana hapa ndipo moyo wa filamu ulipo. Shangazi akashusha sindano.

"Sasa mwanangu," akamwuliza DJ, "baba tumemwona. Mama yao yuko wapi?"

DJ akafungua mdomo ajibu kwa sentensi moja, akakosa.

Msomaji asiyezijua filamu hizi anihurumie nieleze. Katika mazungumzo hayohayo ya msituni, Luke anamwuliza Leia kama anamkumbuka mama yake mzazi, naye anasema anamkumbuka kidogo: mzuri, mpole, mwenye huzuni, alifariki yeye akiwa mdogo sana. Basi. Miaka 22 baadaye, mwaka 2005, ikatoka Revenge of the Sith, inayosimulia kuzaliwa kwa pacha hao, na humo mama yao, Padmé, anakata roho pale pale baada ya kujifungua na kuwapa majina. Mtoto wa dakika moja amkumbukeje mama yake na huzuni yake? Mashabiki duniani wameligombania fumbo hilo tangu siku filamu ilipotoka. Wengine wanasema Leia ana kipaji cha kuona yasiyoonekana. Wengine wanasema alimkumbuka mama mlezi, akakosea. Wengine, na mimi nimo humo, tunasema mwandishi alisahau alichoandika.

Shangazi hakujua lolote kati ya hayo. Aliuliza kama anavyouliza msibani au kwenye posa, kwa sababu kwake ukoo wenye baba pekee haujakamilika kuelezwa. Na swali lake likafikia mahali ambapo wajuzi wote wa sebuleni walikuwa wamepazunguka kwa adabu. Filamu ilisimamishwa. Ubishi ukawaka, kila mtu na nadharia yake, na sasa hata waliokuja bila kujua chochote walikuwa na upande, kwa sababu suala halikuwa tena vyombo vya angani. Lilikuwa nani aliwalea watoto wa nani, na kwa nini waligawanywa. Shangazi alisikiliza pande zote, kisha akatoa hukumu kwamba ndugu wa baba wangewachukua wote wawili pamoja, na kwamba shida yote ile ya vita imetokana na kugawa pacha. Hakuna mhakiki niliyemsoma aliyewahi kuiweka hivyo, na sijaona kosa lake.

Ndiyo maana siku hizi sina subira na mashabiki wanaotaka wasiojua wakae nyuma wakinyamaza. Mjuzi anaipenda filamu, lakini kuipenda kwake kumempa mazoea ya kuruka mashimo yake. Anajua pa kukanyaga. Asiyejua anatumbukia, na akitumbukia sote tunaliona shimo. Mtu mwenye kuuliza mama yao yuko wapi anaifanyia filamu ile heshima ambayo mjuzi ameacha kuifanya zamani: anaichukulia kama habari ya watu.

Kwa sababu hiyohiyo ninazikwepa chemsha bongo. Kila mwongozo wa sherehe za namna hii unakushauri utunge maswali, atakayejua jina la mbwa wa jirani wa rubani apewe zawadi. Mtu ametoka kazini, amepanda daladala mbili kuja kwako, unamkalisha unampa mtihani. Anayejua anazidi kuvimba, asiyejua anakumbuka ana safari kesho asubuhi.

Nimeshaombwa nifanye usiku wa Star Trek, na nimekubali kwa masharti yaleyale. Huko nako kuna mlango wetu. Nichelle Nichols alikwenda kwenye usaili wa kipindi hicho akiwa na riwaya ya Robert Ruark ya mwaka 1962 kuhusu Kenya, iitwayo Uhuru, na kutokana na kitabu hicho mhusika wake akapata jina Uhura. Katika sehemu ya kwanza kabisa kuonyeshwa, kiumbe mla chumvi anajigeuza mwanamume Mwafrika na kumsemesha Kiswahili. Katika nyingine ya mwaka 1967, Uhura anafutwa kumbukumbu na wakati wa kufundishwa upya Kiswahili kinamtoka. Nitamkalisha shangazi mbele nisikie atakavyosahihisha. Nichols alitaka kuacha kazi hiyo baada ya msimu wa kwanza, na Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Mae Jemison, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kufika angani, mwaka 1992, amesema mwenyewe kwamba Uhura alimtia hamu akiwa mtoto. Mambo haya hayahitaji kuhutubiwa. Yasemwe watu wakimenya karanga.

Na kabla ya kipindi kuanza nitaweka Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya ya mwaka 2009, dakika ishirini na kitu tu, kuhusu dunia iliyoishiwa maji baada ya vita vya maji. Mtu aliyewahi kupanga foleni ya madumu saa kumi alfajiri hahitaji kuelezwa hadithi ya kisayansi ni nini.

Kuna wanaosema kukusanyika kumepitwa na wakati, kila mtu ana simu yake na kifurushi chake. Wenye filamu wenyewe hawaamini hivyo. Kipindi cha Uingereza cha Doctor Who kilipotimiza miaka 50, tarehe 23 Novemba 2013, BBC waliirusha sehemu maalumu kwa wakati mmoja katika nchi 94, na kumbi za sinema zikajaa watu waliokuwa na uwezo wa kuitazama kitandani kwao. Februari 2018 Black Panther ilipozinduliwa Kisumu, nyumbani kwa kina Lupita, hakuna aliyehitaji kushawishiwa atoke.

Ukitaka kujaribu, mambo ni machache. Sebuleni kwako na wageni wako uko huru, lakini ukianza kutoza kiingilio umefungua biashara, na kuonyesha filamu za watu kibiashara kuna leseni na hakimiliki zake. Shuka jeupe lililopigwa pasi linatosha mahali pa skrini. Spika ndiyo usibane matumizi. Weka filamu moja, usiweke tatu. Alika angalau theluthi ya watu wasiojua lolote, na mmoja kati yao awe mtu mzima asiyeogopa kuuliza. Mtafute DJ mapema umpe filamu aitazame kwanza. Anza saa kumi jioni, kwa sababu filamu ina zaidi ya saa mbili, maswali yatakula saa nyingine nzima, na wageni wa Mbagala wanatakiwa wapate usafiri wa kurudi.